Daftari la Minervali: Namna ya Kuoanisha Objekti na Hifadhidata

Ukipekua TFC (kazi za mwisho wa masomo) za informatiki zilizolundikana katika maktaba za vyuo vya Bukavu, hutakosa programu ya kusimamia minervali (ada ya masomo) ya shule fulani ya Kadutu, Ibanda au Bagira. Mpangilio wake unajulikana. Sura ya kwanza inaeleza shule, ya pili inachora michoro ya data, MCD na MLD, kwa mbinu ya Merise, ya tatu inaonyesha picha za fomu zilizoandikwa kwa Java au C#. Nyuma ya kila kitufe cha fomu hizo kumejificha sentensi ya SQL. Kitufe cha kuhifadhi kina INSERT yake, cha kutafuta kina SELECT yake, na ripoti ya mwisho wa mwezi ina SELECT ndefu iliyonakiliwa pengine mara tatu, kila nakala na badiliko lake dogo. Siku ya utetezi kila kitu kinakwenda vizuri na waalikwa wanapiga makofi.

Taabu huanza shule inapoitumia kweli. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilileta elimu ya msingi ya miaka minane, na darasa lililokuwa la kwanza sekondari likawa la saba. Septemba 2019 masomo ya shule za msingi za umma yakawa bila malipo, na kila SELECT iliyokuwa ikihesabu deni la mtoto wa msingi ikaanza kusema uongo. Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, benki zilifunga milango, na programu iliyokataa kupokea malipo yasiyo na namba ya bordero ya benki ikabaki haina kazi. Ikiwa SQL imetawanyika, kila badiliko la aina hii maana yake ni kuisaka fomu kwa fomu, na ile moja utakayoisahau ndiyo prefe, mkuu wa shule, atakayoifungua mbele ya wazazi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka programu yako iishi zaidi ya mwaka wa kwanza. Unahusu sehemu moja tu ya kazi: klasi dhahania inayosimama kati ya objekti za programu na data iliyohifadhiwa. Mfano wetu utakuwa shule ya sekondari ya Bukavu yenye wanafunzi mia sita hivi, mhasibu mmoja na kompyuta moja au mbili. Nitaandika kwa Python kwa sababu mistari yake ni mifupi. Anayetumia Java, C# au PHP atavuka bila shida.

Anza na maswali ya mhasibu

Vijana wengi walikutana na mtindo huu kwenye masomo yaliyoandikwa kwa Kifaransa ya Site du Zéro, ambayo tangu 2013 inaitwa OpenClassrooms: klasi dhahania iitwayo DAO yenye vitendo vinne vya kuumba, kutafuta, kusahihisha na kufuta, kisha klasi moja ndogo kwa kila jedwali. Jina la DAO lilienezwa na wahandisi wa Sun Microsystems mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2002 Martin Fowler, katika kitabu chake Patterns of Enterprise Application Architecture, alieleza mpatanishi anayehamisha data kati ya objekti na majedwali huku pande hizo mbili zikiwa hazijuani kabisa.

Vitendo vinne vinafaa kwa zoezi la darasani. Katika shule ya kweli vina kasoro moja kubwa: vinazungumza lugha ya jedwali. Mhasibu hasahihishi malipo wala hayafuti. Akikosea, anaandika malipo mengine ya kubatilisha yale ya kwanza, ili risiti zote mbili zibaki zikionekana. Klasi yako ikitoa kitendo cha kufuta malipo, amini kwamba siku moja mtu atakitumia, na huenda asiwe mhasibu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kompyuta, kaa na mhasibu asubuhi moja ya siku za malipo, uandike anachoulizwa. Nani wa darasa la nane B hajamaliza transhi ya kwanza? Leo tumekusanya dola ngapi na franka ngapi? Mtoto huyu amelipa au hajalipa? Nipe risiti ya jana, niliipoteza. Kila swali la namna hiyo ni kitendo kimoja cha klasi dhahania. Ifikirie kama dirisha la malipo la shule yenyewe: mzazi huuliza akiwa nje na kujibiwa, wala haruhusiwi kuingia ndani kufungua kasha. Hivi ndivyo dirisha letu linavyokuwa:

    from abc import ABC, abstractmethod

    class DaftariLaMalipo(ABC):

        @abstractmethod
        def mwanafunzi(self, kitambulisho): ...

        @abstractmethod
        def wenye_deni(self, darasa, mwaka): ...

        @abstractmethod
        def pokea(self, malipo): ...

        @abstractmethod
        def batilisha(self, malipo, sababu): ...

        @abstractmethod
        def makusanyo_ya_siku(self, tarehe): ...

Hakuna neno SQL hapo, wala jina la jedwali. Fomu zote za programu zitaijua klasi hii tu. Ukijaribu kuunda objekti moja kwa moja kutoka kwake, Python inakataa. Ukiandika klasi ndogo ukasahau kitendo kimojawapo, inakataa pia, pale pale unapoiunda objekti. Java ni kali zaidi, haikubali hata kutafsiri msimbo. Ukali huo ndio faida yake. Mwenzako atakayeongeza hifadhi nyingine mwaka kesho atalazimishwa kujibu maswali yote ya mhasibu, si yale matatu aliyoyakumbuka.

Usiwe na tamaa ya vitendo. Ukiona klasi inakaribia vitendo ishirini, huenda umechanganya kazi mbili, kwa mfano malipo na alama za mitihani. Zitenganishe ziwe madaftari mawili.

Pale data na objekti zinapokutana

Sasa tunaandika klasi inayofanya kazi yenyewe. Nimechagua SQLite, hifadhidata ya faili moja aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, kwa sababu haihitaji seva. Kompyuta ya mhasibu ikiwaka, nayo ipo. Vitendo vingine nimeviacha ili nafasi itoshe.

    class DaftariLaSQLite(DaftariLaMalipo):

        def __init__(self, muunganisho):
            self.db = muunganisho

        def mwanafunzi(self, kitambulisho):
            m = self.db.execute(
                "SELECT id, nom, postnom, prenom, classe, cycle "
                "FROM eleve WHERE id = ?",
                (kitambulisho,)).fetchone()
            return self._jenga(m) if m else None

        def _jenga(self, m):
            return Mwanafunzi(
                kitambulisho=m[0],
                jina=Jina(m[1], m[2], m[3] or ""),
                darasa=Darasa.kutoka_hifadhi(m[4], m[5]))

Kitendo kidogo cha mwisho, _jenga, ndicho moyo wa jambo lote. Ndipo mahali pekee ambapo mstari wa jedwali unageuka kuwa mwanafunzi. Majedwali yana majina ya Kifaransa kwa sababu yalitoka kwenye MLD ya miaka iliyopita, nayo yanaweza kubaki hivyo. Programu yako haitayaona.

Tazama jina. Programu nyingi zinazotoka nje zinadhani mtu ana jina la kwanza na la ukoo, basi. Kongo ina nom, postnom na prénom, mpangilio uliotokana na miaka ya Mobutu: mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, watu wakachukua postnom, na baadaye prénom ikarudi bila postnom kuondoka. Kuna watoto wasio na prénom katika makaratasi yao. Kwenye jedwali hiyo ni NULL. Ndani ya programu isiwe NULL, la sivyo siku moja risiti itachapishwa na neno None baada ya jina la mtoto. Ndiyo maana ya ile "au tupu" kwenye _jenga. Uamuzi huo ukiufanya hapo, hakuna fomu itakayohangaika nao tena.

Jina hilohilo lina mtego mwingine ambao vitabu vya Ulaya huutaja kwa mfano wa Kiairishi, lakini hapa tunao nyumbani. Majina ya kike ya Kishi huanza mara nyingi na M' yenye alama ya mkato juu. Ukiunganisha SQL kwa kujumlisha maandishi, mwanafunzi aitwaye M'Cirhuza anaifunga sentensi yako katikati, na programu inalalamika juu ya kosa la sarufi kila anapokuja kulipa. Mhasibu naye, ili kazi iende, ataandika Mcirhuza, kisha mwaka unaofuata mwingine ataandika M Cirhuza, na mtoto mmoja atakuwa na madeni mawili. Mlango huohuo ndio anaopitia mtu mwenye nia mbaya kuingiza SQL yake. Dawa ni ile alama ya kuuliza ndani ya SELECT: thamani inapelekwa kando, haiunganishwi na sentensi. Kwa kuwa SQL yote sasa imekusanyika katika klasi moja, unaweza kuikagua yote kwa robo saa ukahakikisha hakuna uliposahau.

Darasa nalo lina historia. Mstari ulioandikwa 2013 unasema 1S. Mtoto wa kiwango hicho leo yuko 7EB. Aliyekuwa la tatu sekondari leo tunamwita wa kwanza humanités. Mbaya zaidi, mstari unaosema "1" peke yake unaweza kuwa wa kwanza msingi, wa kwanza sekondari ya zamani, au wa kwanza humanités. Kitendo cha Darasa.kutoka_hifadhi kinasoma msimbo pamoja na mzunguko wa masomo, kisha kinarudisha objekti moja isiyo na utata. Kuna watakaokushauri uisahihishe data ya zamani yote kwa UPDATE moja. Mimi nisingefanya hivyo. Buletini ya 2013 ilitolewa ikisema 1S, na mwanafunzi huyo anaweza kurudi kuomba nakala. Tafsiri wakati wa kusoma, uiache historia kama ilivyo.

Fedha, saa na namba za simu

Hapa ndipo programu nyingi za minervali zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shule inatangaza minervali kwa dola, mzazi analeta franka, na wabadilisha pesa wa barabarani wana kiwango chao asubuhi na kingine jioni. Katika jedwali la kawaida utakuta safu moja inayoitwa montant, aina yake FLOAT. Safu hiyo ina makosa mawili kwa mpigo. La kwanza ni la kompyuta: namba za desimali za aina hiyo haziwezi kushika moja ya kumi kwa usahihi, na ukijumlisha 0.1 na 0.2 Python inakujibu 0.30000000000000004. Kwa malipo mia sita, salio linaweza kukataa kulingana na kasha kwa senti chache, na mhasibu atashinda akitafuta mwizi ambaye hayupo. La pili ni letu: 20 ni dola ishirini au franka ishirini?

Ndani ya programu, iwe klasi Fedha yenye kiasi na sarafu, na iwe haiwezekani kujumlisha dola na franka bila kutaja kiwango. Ndani ya jedwali, iwe safu tatu: kiasi kama namba kamili (senti kwa dola, franka nzima kwa franka), msimbo wa sarafu, USD au CDF, na kiwango cha kubadilisha kilichotumika wakati ule wa malipo. Kiwango kihifadhiwe na malipo yenyewe. Ukikiweka katika jedwali la mipangilio lenye thamani moja, siku utakapokibadilisha, madeni ya mwaka uliopita yatabadilika pamoja nacho, na wazazi waliomaliza kulipa watajikuta wanadaiwa upya. Anayeona msimbo wa sarafu ni anasa akumbuke kwamba nchi hii ilipokea zaïre mwaka 1967, nouveau zaïre mwaka 1993 na franka mwaka 1998. Mabadiliko hayo mawili ya mwisho yaliondoa sifuri nyingi kuliko zinazoingia katika safu yako.

Objekti moja kwa safu tatu: klasi ya kufikia data ndiyo inayozitenganisha wakati wa kuandika na kuziunganisha wakati wa kusoma. Fomu ya mhasibu inaona Fedha tu.

Kuhusu saa, Bukavu iko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja. Malipo ya simu yaliyothibitishwa hapa saa sita na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe mosi Oktoba, Kinshasa bado ni tarehe 30 Septemba. Mzazi analipa kwa simu saa yoyote anayotaka, na ripoti mbili za mwezi mmoja zitagombana kwa sababu hiyo tu. Hifadhi wakati kwa UTC, uandike mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, ubadilishe kuwa saa ya Bukavu unapojenga objekti. Tarehe iliyoandikwa 05/09 usiihifadhi hivyo kamwe.

Namba za simu ni fupi kueleza: zihifadhi zote na msimbo wa nchi. Mzazi anaandika 081, mwingine 24381, na kwa kuwa mpaka uko hapo Ruzizi, wapo wenye laini za Rwanda zinazoanza na 250. Kazi ya kuzisawazisha ni ya klasi ya kufikia data, si ya kila fomu.

Hifadhi tatu, dirisha moja

Vitabu husema faida ya klasi dhahania ni kwamba siku moja utabadili hifadhidata bila kugusa programu. Kwa kampuni nyingi siku hiyo haifiki. Chukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa 2004 na watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Partners In Health, ukaanza kutumika Eldoret nchini Kenya mwaka 2006 na mwaka huohuo Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda. Ukifungua msimbo wake utakuta PatientDAO, kiolesura kinachotaja maswali ya kuulizwa kuhusu mgonjwa, na HibernatePatientDAO, klasi inayoyajibu kwa kutumia Hibernate, chombo cha kuoanisha alichokianzisha Gavin King mwaka 2001. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayobeba takwimu za mfumo wa taarifa za afya wa nchi, SNIS, kutoka maeneo ya afya 34 ya Kivu Kusini na mengine yote ya nchi, imepangwa vivyo hivyo: violesura vyenye majina yanayoishia Store, na klasi za Hibernate nyuma yake. Kwa miaka yote hiyo jibu kuu limebaki la Hibernate. Kilichowanufaisha ni kwamba maarifa yote ya namna mgonjwa anavyohifadhiwa yako mahali pamoja, na mtaalamu mpya anajua pa kutazama.

Bukavu, hata hivyo, hoja ya kubadili hifadhi ina nguvu, kwa sababu utakuwa na zaidi ya moja tangu siku ya kwanza. Shirika la SNEL likikata umeme, kompyuta ndogo ya mhasibu yenye betri inaendelea, lakini seva na intaneti hazipo. Kwa hiyo DaftariLaSQLite linafanya kazi dirishani, na DaftariLaMySQL liko kwenye seva ya ofisi ya mratibu wa shule au popote penye nakala kuu. Programu ya kulinganisha inasoma kutoka la kwanza na kuandika kwenye la pili mtandao unaporudi.

Hilo linaleta uamuzi ambao ni lazima uufanye mapema: kitambulisho. Ukiiachia kila hifadhidata ihesabu yenyewe 1, 2, 3, kompyuta mbili zilizokuwa bila mtandao zitatoa malipo namba 145 mara mbili, kwa watoto wawili. Tumia UUID, inayoundwa na programu kabla ya kuhifadhi. Kwa Python ni uuid.uuid4(). OpenMRS hubeba vyote viwili, namba fupi kwa matumizi ya ndani na UUID kwa kusafiri. Namba ya risiti ambayo mzazi ataisoma kwa simu ni jambo jingine: ipe herufi ya kompyuta mbele, A-0145 na B-0145, mambo yaishe.

Hifadhi ya tatu ni ya kumbukumbu tu, kamusi ya kawaida ya Python ndani ya klasi iitwayo DaftariLaMajaribio. Haina faili wala seva. Kwa hiyo unaweza kujaribu hesabu za madeni mara mia kwa sekunde: mtoto aliyelipa nusu kwa dola na nusu kwa franka, aliyebatilishiwa malipo, aliyehama katikati ya mwaka. Majaribio hayohayo uyapitishe kwenye SQLite na MySQL. Hifadhi zote tatu zikijibu sawasawa, una haki ya kulala.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika

Kupokea malipo ni angalau maandishi mawili: mstari wa malipo na mstari wa risiti. Umeme ukiondoka baada ya la kwanza, mzazi ana deni lililopungua bila risiti. Yaweke yote ndani ya muamala mmoja, na muamala uishi ndani ya kitendo cha pokea, asije mwandishi wa fomu akalazimika kuukumbuka. Kwa sqlite3 ya Python inatosha kuandika "with self.db:" juu ya sentensi zote mbili, zote zitaingia au zote zitarudishwa.

Mambo mawili ya kukagua leo hii kama una programu inayofanya kazi. Kwenye MySQL, angalia aina ya majedwali yako. InnoDB imekuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 la mwaka 2010, lakini majedwali yaliyozaliwa zamani na kuhamishwa kwa nakala bado yanaweza kuwa MyISAM, ambayo haijui muamala: itakubali amri zako bila kulalamika na isikulinde. Kwenye SQLite, ulinzi wa funguo rejea umezimwa mpaka uuwashe kwa PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Bila huo, unaweza kuhifadhi malipo ya mwanafunzi asiyekuwepo.

Tatizo jingine halionekani kwenye kompyuta yako ila litaonekana kwenye mtandao wa hapa. Umeandika wenye_deni kwa kusoma wanafunzi wote, kisha kwa kila mmoja ukauliza malipo yake. SQLite kwenye diski inakusamehe. Kwenye seva ya mbali ambako kila swali linachukua sehemu ya tano ya sekunde kwenda na kurudi, wanafunzi 600 ni maswali 601, yaani dakika mbili nzima za kutazama kioo huku foleni ya wazazi ikirefuka. Andika SELECT moja inayounganisha majedwali na kujumlisha, kisha ujenge objekti kutoka matokeo yake. Hapa ndipo kitendo chenye jina la swali la mhasibu kinapokulipa: yeye aliuliza nani ana deni, hakuuliza orodha ya malipo yote.

Vyombo vya kuoanisha vyenyewe, kama Hibernate, SQLAlchemy ya Python au Doctrine ya PHP, vitakufanyia sehemu kubwa ya kazi hii. Vitumie ukishaelewa vinachofanya, na uvifiche nyuma ya klasi yako dhahania kama OpenMRS ilivyofanya. Kwa Laravel, Eloquent inaweka objekti na jedwali katika kitu kimoja. Kwa shule moja ndogo inatosha, wala usijenge ngome ya klasi tano kwa programu yenye fomu tatu. Ukiwa na sarafu mbili, kompyuta mbili na madarasa yaliyobadilika majina, tenganisha.

Kuhamisha programu ya zamani

Usiiandike upya yote likizo moja. Tafuta kwanza kila palipo na SELECT, INSERT, UPDATE na DELETE katika msimbo mzima, uorodheshe kila faili. Anza na swali linaloulizwa mara nyingi zaidi, kwa kawaida ni deni la mwanafunzi mmoja. Liandikie kitendo katika klasi dhahania, lijibu katika klasi ya hifadhi uliyonayo sasa, hata kama ni Access, kisha badilisha fomu zote zinazouliza swali hilo zipite dirishani. Itumie wiki nzima hivyo, nusu mpya nusu ya zamani, kabla ya kwenda swali la pili.

Malipo yaache ya mwisho, na uyahamishe likizo ya Pasaka au mwishoni mwa mwaka wa shule, foleni inapokuwa fupi. Kabla ya hapo chukua nakala ya faili, iweke kwenye flashi iliyo nje ya jengo la shule, na umwombe mhasibu aendelee na daftari la karatasi kwa mwezi mmoja sambamba na programu. Kila jioni linganisheni makusanyo ya siku, dola kwa dola na franka kwa franka. Tofauti yoyote mtakayoipata, itafuteni siku hiyohiyo, mzazi aliyelipa angali anakumbuka alitoa noti gani.